Kinyozi Aliyechelewesha Wembe

Kinyozi wetu alichukia maneno. Jambo hilo liliwashangaza wageni waliofika Songea wakati wa Mjerumani, kwa sababu huko walikotoka kinyozi ndiye mtu wa kupashana naye habari. Kwake ilikuwa kinyume. Ukishakaa kwenye kigoda chake na kuinamisha kichwa, kisha ukaanza kusimulia habari za shamba lako au za mkweo, aliondoa wembe kichwani akasubiri. Hakukemea. Alisubiri tu, mkono uko hewani, mpaka ukaona aibu mwenyewe ukanyamaza. Ndipo akaendelea pale alipoachia.

Nilimjua kwa miaka mingi. Ua wake na wetu ulitenganishwa na uzio wa matete tu, chini ya boma, sehemu ambayo siku hizi imejaa maduka na watu wanaiita Majengo. Mimi ni Mngoni. Yeye alikuwa Myao wa upande wa Tunduru, Mwislamu, aliyekuja na msafara wa wafanyabiashara wa pwani, na msafara ulipoondoka yeye akabaki. Watu wake na watu wangu walipigana zamani, kwa hiyo sisi ni watani, naye aliniita hivyo siku zote: mtani. Mimi nilimwita Kinyozi kama watu wote.

Watu walimsifu kwa mkono mwepesi. Sifa hiyo hakuipenda. Alisema mkono hauna kazi yoyote, kazi yote imekwisha kwenye jiwe kabla mteja hajakaa.

Vinoo vyake vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa chekundu na chenye chembechembe, cha kuondolea mapengo ya wembe ulioanguka au uliokutana na kipele. Cha pili kilikuwa cheusi, laini kama shavu la mtoto, na hicho alikifunga kwenye kitambaa chenye mafuta ya nyonyo, asikiweke juani hata dakika moja. Alimwaga maji kidogo, akasugua jiwe kwa kipande kingine cha jiwe hilohilo mpaka likatoa uji mweusi. Uji huo ndio uliokuwa ukila chuma. Kisha alilaza wembe ubapa, mgongo na makali vyote vimegusa jiwe, akausukuma makali yakitangulia, kama mtu anayetaka kubandua ngozi nyembamba ya jiwe lenyewe. Akifika mwisho aliugeuza kwa mgongo, kamwe si kwa makali, akarudi. Akimaliza hapo alihamia kwenye ukanda wa ngozi ya nyati, na huko alienda kinyume: mgongo mbele, makali nyuma. Mwisho alilowesha ukucha wa gumba kwa mate na kuuvuta wembe juu yake taratibu. Ukiteleza, haujaiva. Ukinasa kidogo kila mahali, toka ncha hadi kitako, umeiva.

Hayo yote niliyaona kwa kuchungulia kwenye matete, kisha nikaanza kuuliza. Mimi nilikuwa mfinyanzi, nikichimba udongo kando ya mto Luhira, na mfinyanzi hawezi kuona mtu mwingine akishughulika na jiwe na maji akakaa kimya. Nikawa namletea mawe niliyoyakuta mtoni. Alikuwa na namna yake ya kuyapima: aliyalamba. Alilaza ulimi juu ya jiwe, akatazama mate yanakwenda wapi. Jiwe linalokunywa mate upesi, alisema, ni la majembe. Lisilokunywa huenda likawa la wembe.

Siku moja nilimletea jiwe zuri la kijivu, nikiwa na uhakika nalo. Akalamba, akakunja uso.

"Mtani, umelitoa wapi hili?"

"Chini ya kivuko, pale ng'ombe wanapovukia."

Alitema mate muda mrefu. Hakucheka. Lakini toka siku hiyo kila jiwe nililoleta aliniambia nililambe mimi kwanza.

Kitu kimoja kilichowashinda watu kukielewa ni kwamba mtu huyu wa wembe hakuweza kutazama damu. Waislamu wachache wa hapa, wengi wao askari na watu wa misafara, walimletea kisu kila walipokuwa na mnyama wa kuchinja, kwa sababu walijua mnyama hatateseka. Alikinoa kwa makini kuliko hata wembe. Kisha alikikabidhi, akapita nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka aliposikia watu wanachuna. Walimtania sana, na yeye aliwaacha watanie. Mume wangu alimwuliza siku moja kama akimkata mteja inakuwaje.

"Simkati," alisema Kinyozi.

Hakuwa anajisifu. Alisema kama mtu anayekuambia nyumba yake iko wapi.

Kabla ya kila kichwa alisema bismillahi. Alisema kwa askari, kwa Mngoni asiye na dini yake, na kwa mtoto mchanga anayenyolewa nywele za tumboni. Bei alikuwa nayo, lakini waliokuja kunyolewa kwa ajili ya msiba hawakutoa chochote. Kwetu mtu akifiwa hunyolewa, na Kinyozi alisema nywele za msiba si zake kuzifanyia biashara.

Dawa ya maji ilipofika Songea, ile iliyosemekana itageuza risasi kuwa maji, wanaume walikuja kwake usiku na mchana na mikuki. Nje ya mlango alikuwa na jiwe kubwa la majembe na mapanga, akawaacha watumie hilo. Mume wangu alikuwa mtu wa karibu wa nduna wetu, yaani mkuu aliyeongoza sehemu yetu, naye alikuja na mikuki ya wenzake wote.

"Na wewe utakunywa dawa?" mume wangu alimwuliza.

"Mimi nimekunywa maji ya mto huu miaka yote," alijibu. "Hayajanizuia hata mbu."

Mume wangu alicheka sana. Jioni ileile akaenda kunywa dawa.

Yaliyofuata kila nyumba ya hapa inayajua. Waliokwenda vitani wengi hawakurudi. Waliorudi walisakwa. Kisha moto ukapita mashambani na kwenye maghala, na njaa ikaingia kabla hata vilio havijaisha. Nyumba yetu ilichomwa. Nilijenga kibanda palepale, mbele ya mafiga yangu, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Kinyozi naye aliitwa bomani. Walikuwa wameambiwa kwamba mikuki ilinolewa mlangoni kwake, wakataka majina. Aliwajibu kwamba yeye akiwa kwenye jiwe anatazama makali, hatazami nyuso. Wakamlaza wakampiga kiboko. Wakauliza tena, akawajibu jibu lilelile. Aliletwa nyumbani amebebwa kwenye machela, akalala kifudifudi siku nyingi, nami nilimpaka udongo wangu laini uliochanganywa na majani aliyonitajia mwenyewe. Kila nilipompaka alinisahihisha. Niliweka mwingi mno, au niliukausha mno. Hapo nilijua atapona.

Alipopona, watu wa boma walimwita tena, safari hii kwa kazi. Askari walikuwa na nywele kama watu wengine. Wapo waliomlaumu kwamba anawanyoa waliomchapa. Sikumlaumu. Mtu alikula kwa alichokuwa nacho, na mwaka ule wengi hawakula kabisa.

Kisha ikafika ile siku. Wakubwa wetu waliokamatwa walikuwa ndani ya boma, wamefungwa shingoni kwa mnyororo mmoja, na ilikuwa imejulikana kwamba watanyongwa. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Sisi wake zao tulikatazwa kukaribia. Wafungwa waliomba jambo moja: wanyolewe, wasife na vichwa vya vichaka. Mkuu wa boma akakubali, na Kinyozi akaitwa.

Aliingia asubuhi. Nilikaa karibu na uzio nikimsubiri, nikijiambia kwamba atarudi jua likiwa bado upande mmoja, kwa sababu mkono wake ulikuwa wa haraka. Saa sita ikapita. Alasiri ikapita. Nikaamini naye wamemfunga. Alirudi jua linazama, akaketi kwenye kigoda cha wateja wake na kuomba maji. Akanisimulia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

Wa kwanza kunyolewa, alisema, aliinamisha kichwa na kuanza kunong'ona. Kinyozi aliinua wembe kama kawaida yake. Kisha akasikia ni maneno gani. Yule mzee alikuwa anatuma ujumbe kwa mwanawe. Kinyozi akaurudisha wembe kichwani, akaendelea kunyoa akisikiliza. Alipommaliza alitazama ule mstari wa watu, akaona kila jicho linamtazama yeye, akajua kila mmoja ana neno lake. Na ombasha, yule askari mwenye cheo aliyewalinda, alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo.

"Nikamwambia ombasha wembe umekufa," alisema Kinyozi. "Nikamwambia nywele za watu hawa zimejaa mchanga, lazima ninoe kwa kila kichwa. Nikakaa chini katikati yao, nikatoa vinoo."

"Ulikuwa umekufa kweli?"

"Mtani, ulikuwa unaweza kunyoa nzi."

Ombasha alisimama juu yake akitazama wembe ukienda na kurudi. Hakuna kitu kinachochosha kama kumtazama mtu mwingine akinoa. Alipiga miayo, akaenda kukaa kivulini. Jiwe jekundu lilitoa mlio wake wa kukwaruza, na ndani ya mlio huo wafungwa walisema. Kinyozi aliogopa jambo moja tu: wembe ulioiva ukizidi kusuguliwa huharibika, makali huota nyuzi nyembamba na kukwaruza ngozi. Kwa hiyo aliubeba mkononi, ukaligusa jiwe kwa uzito wake wenyewe tu, bila yeye kuukandamiza hata kidogo. Alifanya hivyo kutwa nzima, baina ya kila kichwa na kichwa. Mkono ulimuuma mpaka begani. Hakumkata mtu hata mmoja.

Nilimwuliza atayakumbukaje maneno yote yale, mtu asiyependa maneno.

"Kila kichwa nilikishika," alisema. "Huyu ana kovu, huyu ana nundu, huyu nywele zake zinazunguka mara mbili utosini. Neno la mtu nimeliweka kwenye kichwa chake. Nikitaka neno, nakigusa kichwa."

Vidole vyake vikatembea hewani, nyuma ya sikio la mtu asiyekuwepo. Nililijua kovu hilo.

"Mumeo ametuma maneno mawili. La kwanza, chungu cha mbegu ya ulezi amekizika chini ya mafiga ya nje. Usikiguse mpaka mvua ianze. La pili, usirithiwe kwa nguvu. Ukitaka kukaa kwao, ukae. Ukitaka kuwa peke yako na watoto wako, uwe. Amesema yeye ndiye aliyekuoa, na yeye ndiye anayekufungua."

Nilimwuliza kama mume wangu alikuwa na hofu.

"Alikuwa nayo," alisema. "Alinishika goti. Lakini maneno yake aliyamaliza."

Nimemshukuru maisha yangu yote kwa kutonidanganya hapo.

Baada ya kunyongwa kwao, Kinyozi alitembea. Kila nyumba iliyofiwa ilihitaji kunyolewa, na hakuna askari aliyeona ajabu kinyozi kupita vijijini na mfuko wake. Aliingia, akasema bismillahi, akawanyoa wajane na watoto, na wembe ukiwa kichwani akainama na kuwaambia walichoachiwa. Wengine waliachiwa deni la kusamehe, wengine jina la mtoto ambaye hajazaliwa. Mwanamke mmoja aliachiwa wimbo, na Kinyozi, ambaye sauti yake ilikuwa kama ya chura, alilazimika kuuimba. Alitembea kwa miezi mingi, katika njaa ile, kwa mizizi na uji wa kupewa.

Mimi nilichimba chini ya mafiga. Chungu kilikuwepo, nimekifinyanga kwa mikono yangu, mdomo umezibwa kwa udongo, na ulezi ndani mkavu. Nikakifukia tena.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kudai kunirithi kabla mvua hazijaanza. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na njaa, alikuwa na watoto, na shamba letu la bondeni lilikuwa zuri. Lakini sikumtaka, na nilijua nikiingia nyumbani kwake sitatoka. Wazee waliobaki, nao hawakuwa wengi, waliketi uani kwangu kusikiliza. Nikasema marehemu ameniacha huru. Wakauliza nani shahidi.

Kinyozi hakuwa ameitwa. Alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya Wangoni tupu, Myao peke yake, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mwaka mzima. Aliwaeleza boma, mnyororo, ombasha, jiwe. Aliwaeleza neno la mume wangu kama alivyopewa.

Shemeji akasema, "Huyu anatutungia. Nani alikuwepo? Wote wamekufa."

Mzee mmoja akamwuliza Kinyozi kama ana alama yoyote. Kinyozi alinitazama tu. Alama alikuwa nayo, lakini haikuwa yake kuitoa. Kuitaja mbegu mbele ya watu wenye njaa ilikuwa ni kuipoteza, na aliniachia mimi niamue.

Nikainuka. Nilikwenda kwenye mafiga, nikachimba mbele ya macho yao, nikakileta chungu na kukiweka katikati. Nikasema, "Chungu hiki marehemu alikizika bila mimi kujua. Hili ndilo neno la kwanza alilomtuma Kinyozi. Kama la kwanza ni la kweli, la pili ni la uongo vipi?"

Watu waliutazama ule ulezi. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Wazee waliigawa mbegu kwa nyumba zote, nami nikabaki na viganja vichache, na hata yeye shemeji alipata vyake. Lakini niliondoka pale nikiwa mtu wangu mwenyewe. Mvua ziliponyesha nilipanda nilichobakiwa nacho, na wanangu waliishi.

Kinyozi sikuolewa naye, ingawa watu walisubiri. Tuliendelea kuwa majirani. Alinifundisha kunoa, na kwa miaka mingi wanawake wa hapa waliofiwa walinyolewa na mimi.

Mara ya mwisho kukaa naye, Mjerumani alikuwa ameshaondoka na Mwingereza ndiye aliyekuwa bomani. Kinyozi alikuwa amehamia kwa mpwa wake, huku ambako sasa ni Bombambili. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Nilimkuta kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta.

"Shikamoo, Kinyozi."

"Marahaba, mtani. Kaa. Nilikuwa nakusubiri."

"Nani alikuambia nakuja?"

"Hakuna. Nilikuwa nakusubiri tu."

Aliniambia kwamba kuna kichwa kimoja kilichobaki. Kilikuwa cha mzee mkali, aliyeogopwa na wengi, ambaye kabla ya vita kuanza alimfukuza mke wake mdogo mbele ya watu, akimwita mvivu, akamrudisha kwa ndugu zake nyuma ya vilima vya Matogoro. Mnyororoni mzee huyo alimtumia yule mke neno. Kinyozi alikwenda mpaka huko. Akakuta njaa imeshamchukua, amezikwa.

"Nikarudi nalo," alisema. "Neno lina mwenyewe, sikuona wa kumwachia. Sasa mikono yangu inasahau. Jana nilikitafuta kichwa hicho, kikanijia kwa shida. Mtani, lichukue wewe."

Akaniambia. Nikarudia mpaka aliporidhika, naye alinisahihisha mara kadhaa, kama zamani.

Kesho yake nilitembea kwenda nyuma ya vilima. Niliuliza nikaelekezwa kwa dada wa yule mke, bibi mzee, aliyekuwa anapalilia karanga. Nilimwamkia, nikamweleza nimetoka wapi na nimetumwa na nani. Hakuacha kupalilia.

"Dada yangu alikufa na hasira," alisema. "Jina la yule mwanamume hakutaka litajwe hapa."

"Neno lake ni fupi," nikasema. "Alisema hivi: sikukufukuza. Niliona moto unakuja, nikataka uwe mbali nao. Ningekuambia ukweli usingekubali kuondoka."

Jembe likasimama. Bibi alikaa chini palepale kwenye tuta.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akainuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya shamba, mahali palipokuwa na mawe machache yaliyopangwa na majani yamefyekwa vizuri. "Sasa mwambie yeye," akasema. Nikasimama pale nikamwambia mwenyewe, polepole, bila kuacha neno.

Nilirudi Bombambili siku iliyofuata. Kinyozi alinijua kwa mwendo kabla sijabisha.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta dada yake, akanipeleka kaburini. Nimelisema lote."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akajinyoosha kwenye mkeka, mchana kweupe, mtu ambaye, ukiacha siku zile za kiboko, sikuwahi kumwona amelala jua likiwa juu, na kabla sijamaliza kuaga alikuwa ameshashikwa na usingizi.